Mbu wa Tumbo Moja

4 Juni

Mwanangu, mboni ya jicho langu, Daktari,

Mzigo umefika salama. Dereva wa basi alinikabidhi mkononi, nami nikasema kwa sauti ili na waliokaa benchi la stendi wasikie: "Huu unatoka maabara, kwa binti yangu." Akaniuliza, binti yako ni daktari wa nini? Nikamjibu, wa vyote.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu haishuki sauti tena. Nikikupigia, jirani yangu Redio anasikia mpaka unavyopumua, na kabla sijakata, habari zimeshafika sokoni. Barua haina spika.

Sasa niambie ukweli, mama. Nimefungua boksi nikakuta taa yenye feni ndogo na mfuko wa chandarua, vichupa, zile punje za kukaushia zinazokaa kwenye viatu vipya, penseli, na karatasi imeandikwa: "Mama, nikamatie mbu." Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Mbu! Nimekanyaga cherehani nikishona sare za watoto wa wenzangu mpaka goti likaota sugu, wewe usome, halafu uniombe mbu? Huko kwenu wamekwisha? Au wamekufukuza kazi na unaogopa kuniambia? Mimi ni mama yako, nitameza. Mtaani nitasema uko likizo.

Jambo la pili. Mwandiko ulio juu ya boksi si wako. Mwandiko wako naujua tangu ulipokuwa unaandika ukutani kwa mkaa. Ule ni mwandiko wa mwanamume. Simsemi vibaya, nauliza tu.

Hata hivyo, ukitaka mbu umebisha mlango usio wao. Kwangu hakuna mbu. Unanijua mimi: nafagia, nadeki, hata nyasi za uani zinaniogopa. Na tangu ulipoleta lile tangi, mwanangu, nimekuwa mtu! Maji ya bomba yanatoka siku yakijisikia, wenzangu wanahangaika na madumu, mimi nafungua koki. Maji yenyewe meupe, ukichungulia unaona meno yako. Ule mfuniko nimemwita mchoraji wa mabango akauandika kwa rangi nyekundu, ZAWADI YA MWANANGU, nikautundika sebuleni juu ya kochi. Anayeingia hawezi kukaa bila kusoma.

Mbu wako mahali pao, nenda kwa Fundi Tofali. Mashimo yake ya udongo ndiyo yanatumaliza. Kiangazi kikavu hivi, homa ya malaria imetoka wapi? Zamani tulikuwa tunaugua masika, tukijua tunaugua. Sasa mjukuu wa Redio amelazwa na hatujaona hata wingu. Nimemwambia Fundi, akacheka. Mtu anayecheka akiulizwa swali ana kitu.

Jibu upesi. Na uniambie wa mwandiko ni nani.

Mama wa Daktari

*

11 Juni

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Sijafukuzwa. Na mwandiko ni wangu. Siku hizi naandika lebo ndogo kama ukucha kutwa nzima, mkono umebadilika.

Kazi yenyewe ni hii. Mbu wana koo kama sisi. Ukichukua hata mguu mmoja wa mbu uliokauka, tunasoma chembe zake za urithi na kujua ni wa ukoo gani, ametoka upande gani, na nani ndugu yake. Mji wetu umebadilika, mama: bonde limejazwa kifusi, mto umekauka, nyumba zimepanda mpaka kilimani. Mbu nao wanabadilika, au wanakuja wengine. Umesema mwenyewe kwamba homa ya kiangazi ni kitu kipya. Ndicho tunachotafuta.

Naomba mbu wa nyumba tano: yako, ya Redio, ya Fundi, na mbili za kona. Mtego uchomeke kwenye soketi jioni, asubuhi uwatoe; pasipo na umeme, wakamate ukutani kwa glasi. Kila nyumba na kichupa chake, lebo kwa penseli maana wino unafutika. Usiwachanganye, tafadhali. Nakuomba kama mtoto na kama mfanyakazi.

Na hili ulibebe kwa uzito: watu wa afya wa huko wanasubiri majibu yetu. Tukisema mbu wanatoka kwenye mashimo ya Fundi, wataleta malori na kuyafukia. Yule mzee hana kazi nyingine. Tukikosea, tutakuwa tumemzika na yeye, na mbu watabaki.

Mkuu wangu hakutaka nitumie mtu wa nyumbani. Nilimwambia mama yangu ni mwaminifu kuliko mizani.

Binti yako

*

25 Juni

Mwanangu,

Kuliko mizani! Nimeisoma sentensi hiyo kwa mteja aliyekuja kupima sketi, akaisikiliza na pini mdomoni.

Nakutumia mbu wa nyumba zote tano, lebo kwa penseli kama ulivyoagiza. Laiti ungeona mama yako alivyopokelewa! Kila mlango ulikuwa "karibu, Mama Daktari, kaa hapa, weka mtego wako popote." Redio alinipangusia kiti. Wa nyumba za kona waligombana nani aanze. Hata Fundi Tofali, na ugumu wake wote, alinionyesha mwenyewe pa kuchomeka, mtego ukaimba pale ukutani mpaka asubuhi. Kichupa chake kimejaa, utajionea. Sisemi neno, wewe ndiye msomi, lakini kichupa kimejaa.

Changu nimeweka wawili tu. Nao ni wageni, walipita njia.

Mjukuu wa Redio alitoka hospitali, amekonda shingo imebaki kama uzi. Nilikwenda kumjulia hali, nikakuta amelala. Basi nikarudi.

Huyo mkuu wako ni mwanamume au mwanamke? Ameoa?

Mama yako, Mizani

*

16 Julai

Mama, shikamoo.

Mkuu wangu ni mwanamke, ana wajukuu, na jana aliniita ofisini akafunga mlango.

Mbu wako tumewasoma. Kwa kawaida mbu wa nyumba tano ni kama abiria wa basi: wawili watatu watakuwa ndugu, wengine hawajuani. Wako, mama, wote ni ndugu wa tumbo moja. Wa Redio, wa Fundi, wa kona zote mbili, na wale wageni wako waliopita njia. Baba mmoja, mama mmoja.

Mkuu wangu anaona mambo mawili tu. Ama mimi nilichanganya vichupa hapa maabara, ama mtu alikamatia mbu mahali pamoja akawagawa. Nimeapa kwamba mimi sikuchanganya.

Halafu nikaisoma tena barua yako. Unasema mtego uliimba ukutani kwa Fundi. Mama, kwa Fundi hakuna umeme. Nimekua nikienda kumsomea magazeti kwa taa ya mafuta. Uliuchomeka wapi?

Sikuulizi ili nikuaibishe. Mwisho wa mwezi watu wa afya wanataka jibu. Kama mbu wetu hawaaminiki, watatupwa, na wao wataamua kwa macho. Na macho, wewe unajua, yanaona mashimo.

Mimi pia jina langu limeshikwa na uzi. Niambie tu uliwakamatia wapi.

Binti yako

*

22 Julai

Wewe mtoto,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na nilipomaliza nikaona heri nikae.

Yaani mimi, niliyekubeba miezi yote na kukunyonyesha mpaka majirani wakasema, leo unanipima kama hao mbu wako? Unanichunguza soketi! Nani amekutia maneno? Si bure. Kuna mtu hapo katikati, na sitashangaa akiwa yule wa mwandiko.

Na hao mbu kuwa ndugu, cha ajabu ni nini? Mbu wana mabawa, wanatembeleana. Mtaa huu sisi wenyewe tumeoana mpaka hatujui nani shemeji nani binamu, itakuwa mbu? Ndiyo maana sipendi mashine. Mashine haijui kwamba watu huingiliana.

Ya soketi ni hivi: mimi ni mtu mzima, na mtu mzima hulishwa maswali kidogo kidogo.

Mambo ya hapa si mazuri. Mjukuu wa Redio amerudishwa hospitali. Safari hii walimbeba kwa shuka. Redio amepita mbele ya kibaraza changu hakutoa sauti, yule, ambaye hata usingizini anatangaza. Niliacha kushona nikamfuata mpaka getini, nikamwita, hakugeuka. Nadhani ananishuku. Watu wanasema kile kiboksi chako ndicho kinachoita mbu, eti binti yangu anawafuga huko na kutuletea. Nimewaambia wajinga.

Watu wa afya wamekuja na viatu vya mpira wakapima mashimo ya Fundi. Vizuri. Wafukie, tupumzike.

Mama yako, ambaye hukumwamini

Nimesahau kuuliza. Hao ndugu wa tumbo moja, mama yao anakaa wapi?

*

24 Julai

Kwa binti wa jirani yangu,

Salaam. Ni mimi Fundi Tofali, ninayeandika kwa mkono wangu. Utavumilia herufi, vidole vyangu vimezoea udongo.

Sina tabia ya kumsema mtu kwa mwanawe. Lakini mtu akichimbiwa kaburi ana haki ya kuuliza vipimo.

Mama yako alikuja kwangu na kile kiboksi. Nilimkatalia. Redio alimfungia dirisha. Wa nyumba za kona walizima taa wakajifanya wamelala, na jua halijazama. Hatukumkatalia kwa ubaya, ila alikuja akisema, "Nimekuja kuwakamata mbu wenu," kana kwamba yeye hana. Nani anapenda kuambiwa hivyo mlangoni kwake? Basi akarudi nacho kwake. Tukawa tunaona taa yake inawaka kila jioni dirishani, asubuhi anahesabu vichupa kibarazani na kuimba.

Sasa wamekuja wakubwa kupima mashimo yangu. Binti yangu, mashimo hayo yamekauka tangu masika yalipokatika. Sijapiga tofali hata moja, maji nitoe wapi? Kuku wanaoga vumbi humo ndani. Niliwaambia, wakaandika tu. Walisema Jumatatu ya kwanza ya Agosti wanakuja na lori.

Nilikufundisha baiskeli ukaniangukia mguuni, kovu ninalo. Sikudai siku ile, na leo sidai. Nakuuliza tu, mbu wanaishi kwenye vumbi?

Wazee walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Simsemi mtu.

Fundi Tofali

*

29 Julai

Mama,

Umeuliza mama yao anakaa wapi. Hilo ndilo swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu, na sikutanii.

Majibu ya ukoo wao yamekamilika. Hao si mbu wetu wa zamani, wale wa madimbwi ya masika. Ni ukoo mgeni, haujawahi kuonekana upande wenu. Umezoea miji. Matope hauyataki. Unataga kwenye maji safi yaliyotulia, yenye kivuli: mapipa, visima vya nyumbani, matangi. Kiangazi watu wanapohifadhi maji, wao ndiyo wanaona msimu umefika. Na mama mmoja anataga mayai zaidi ya mia kwa mara moja.

Sitakuuliza tena habari ya soketi.

Nimetoa barua yako ya kwanza nikaisoma upya. Unasema mfuniko wa tangi umeutundika sebuleni juu ya kochi. Niliposoma mwezi wa sita nilicheka, nikawasomea wenzangu hapa, nao wakacheka. Sote ni wataalamu wa mbu, mama, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza tangi lenyewe sasa limefunikwa na nini.

Tangi nililileta mimi. Sikukaa hata siku moja kukuonyesha namna ya kulitunza. Nilipiga picha nikaondoka.

Chukua bakuli jeupe na kiti. Panda, chota juu juu ukiwa na jua mgongoni. Viluwiluwi vya mbu hawa havining'inii kichwa chini. Vinalala usawa wa maji kama vijiti vidogo, ukitikisa vinarudi nyuma. Ukiviona, nitumie kimoja tu.

Lori linakuja Jumatatu. Mimi siwezi kufika kabla ya hapo, na barua yangu kwa watu wa afya haina uzito, kwa sababu mbu niliowasoma hawaaminiki. Mtu pekee anayeweza kuzungumza ni aliyewakamata.

Nakupenda. Sijali ulichoandika kwenye lebo.

Binti yako

*

12 Agosti

Mwanangu,

Kaa chini ndiyo usome, na usinitajie ile methali ya kikulacho. Redio amekwisha kunitajia, na mtu mmoja anatosha.

Barua yako ilifika Jumamosi. Nikaiweka chini ya cherehani nikashona sare nzima, mkono mmoja nikaushona upande usio wake. Jumapili nikachukua kiti. Nilijiambia nakwenda kukuonyesha kwamba mama yako hana mbu. Nikachota. Maji meupe vilevile, mwanangu, unaona meno yako. Na meno yangu yalikuwa yanatembea.

Nilikaa juu ya kiti kile mpaka jua likahama. Nilimfikiria yule mtoto aliyebebwa kwa shuka. Dirisha lao na tangi langu, ukinyoosha mkono unagusa.

Jumatatu asubuhi lori likaja na kifusi. Mtaa mzima ulikuwa nje, unajua watu wanavyopenda lori. Fundi amekaa kwenye rundo la tofali za mwaka jana, kofia mapajani, haangalii mtu. Dereva ameshaanza kurudi nyuma. Mimi nikatoka na bakuli langu nikasimama kati ya lori na shimo.

Dereva akasema, "Mama, pisha, utakanyagwa."

Nikamwambia, "Kanyaga. Binti yangu atakujua kwa mguu mmoja."

Mkubwa wao mwenye viatu vya mpira akaja akiuliza kuna nini. Nikamwekea bakuli chini ya pua. Akaangalia, akaangalia tena, akauliza hivi vimetoka shimo gani. Mwanangu, nilitazama upande wa kwa Redio, naye alikuwa mlangoni, kanga ameikaza kiunoni. Nikasema:

"Hawa ni wangu. Wametoka kwenye tangi langu. Na wale waliopelekwa maabara ni wangu pia, wote, hata walioandikwa majina ya watu."

Halafu Redio akasema kwa sauti yake ya matangazo, "Na mfuniko uko ukutani unasomwa na wageni!" Watu wakacheka mpaka dereva akazima lori. Nilitaka ardhi ipasuke. Haikupasuka, basi nikacheka na mimi, kidogo.

Mkubwa hakucheka. Alinisema, tena mbele ya watu, na nilinyamaza. Unajua mimi kunyamaza si kazi yangu. Kisha akakagua nyumba moja moja. Mapipa mawili ya kona yana viluwiluwi na dumu la Redio la uani limejaa. Sisemi neno, ila yeye ndiye alikuwa anacheka zaidi. Shimo la Fundi akashuka mwenyewe, akatoka na vumbi mpaka magotini na manyoya ya kuku. Lori likaondoka na kifusi chake.

Tangi walisema limwagwe lote, lisuguliwe. Maji yale, na shida hii ya maji! Nikasema hayamwagwi njiani. Wakayachuja kwa kitambaa cha sare, tukayapeleka kwa ndoo hadi kwenye udongo wa Fundi. Mzee alivua viatu akaingia kuukanyaga. Jioni alikuwa amepiga tofali za kwanza tangu masika, zimepangwa uani kwake zinakauka. Alipopita kwangu aliniambia, "Jirani, maji yako mazuri, yana nyama." Mtu mbaya yule. Nimemsamehe.

Mfuniko nimeuteremsha. Umerudi juu ya tangi, umefungwa kwa waya, na juu ya tundu la bomba kuna chandarua. ZAWADI YA MWANANGU sasa inasomwa na kunguru. Ukutani imebaki alama ya duara, rangi mpya katikati ya rangi kuukuu. Wageni wananiuliza palikuwa na nini.

Mjukuu wa Redio homa imeshuka, anakula. Nimemshonea gauni, nikampa Fundi alipeleke, maana Redio alikuwa bado hanisalimii. Sikumlaumu.

Sasa fungua huu mzigo. Kuna vichupa vitano. Safari hii sikuingia nyumba ya mtu na maneno. Niliacha mtego kibarazani nikasema anayetaka achukue. Fundi hana umeme, kwa hiyo alipiga magoti akawakamata wake kwa glasi, ukutani, mmoja mmoja. Kila mtu ameandika lebo yake kwa mkono wake, utaona herufi za Fundi. Hata mimi nimejaribu kuandika kidogo kama ukucha, na kweli, mwandiko wangu umegeuka wa mwanamume. Nimekubali, lile boksi uliandika wewe.

Kichupa cha nne kilikuwa kimekosekana. Nilikuwa nimeshafunga mzigo, dereva wa basi anapiga honi, nikaona Redio anakuja na ndala zake. Hakunisalimia. Alinyoosha mkono, kichupa kimo kiganjani, akasema:

"Hawa wangu. Usiwachanganye na wako."

Mama yako